Ini na Ukungu wa Karanga

Moyo tunausikia ukipiga, bali ini halisikiki. Nalo lina kazi nyingi: husafisha damu, hutunza sukari ya mwili, hutengeneza nyongo, huvunja sumu tunazokula bila kujua. Laweza kuugua miaka mingi, mwenyewe asijue, mpaka siku ile macho yanapogeuka manjano na tumbo kujaa maji.

Mtu wa kwanza kujaribu kumwondolea binadamu ini bovu na kumtia jingine ni Daktari Thomas Starzl, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Le Mars, Iowa. Katika ujana wake aliwaza kuwa padri. Lakini mwaka 1947 mama yake alikufa kwa kansa ya ziwa, na kijana akashika njia ya uganga. Alijizoeza kwanza kwa kuwapasua mbwa. Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, akampasua mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa na ini lenye ubovu. Mtoto akatokwa na damu nyingi mno, akafa palepale mezani. Waliomfuata nao hawakuishi ila majuma machache. Starzl akaacha kazi hiyo kwa muda, akairudia mwaka 1967. Ndipo mtoto mmoja wa kike akaishi zaidi ya mwaka.

Adui alikuwa mwili wenyewe, kwa maana hukataa nyama ya mtu mwingine, kama mwenye nyumba amfukuzavyo mwivi. Dawa iitwayo siklosporini, ambayo Daktari Roy Calne wa Cambridge alianza kuwapa wagonjwa mwaka 1978, ndiyo iliyoutuliza. Starzl akaitumia kwa wagonjwa wa ini tangu 1980. Alifariki mwaka 2017, na kazi yake imeenea nchi nyingi.

Lakini kwetu Kalemie, ini jipya li mbali sana. Hata mtu akipata nauli, nani atamlipia dawa za kila siku, mpaka mwisho wa maisha yake? Kwa hiyo mimi naona kazi inayotufaa zaidi ni ile iliyofanywa jirani, Uganda.

Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, Profesa Michael Hutt na wenzake waliona kansa ya ini mara nyingi kuliko Ulaya. Ilitoka wapi? Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafula kwa kula mashudu ya karanga. Wataalamu wakachunguza, wakakuta karanga zile zimeota ukungu, na ukungu umetoa sumu. Sumu hiyo ikaitwa aflatoksini.

Basi, tangu Septemba 1966 hata Juni 1967, walikusanya vyakula 480 vilivyowekwa akiba mahali mbalimbali katika Uganda. Karibu 30 katika kila 100 vilikuwa na sumu. Nayo ilionekana mara nyingi zaidi katika sehemu zenye wagonjwa wengi wa kansa ya ini. Daktari Elliot Alpert, Hutt na wenzao wakatangaza habari hiyo mwaka 1971. Peke yake haikutosha kuthibitisha, lakini uchunguzi wa baadaye uliitia nguvu. Na sumu ikiwa nyingi haingoji kansa: mwaka 2004, Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyoota ukungu, 125 wakafa.

Tena yuko mwenzake ukungu. Daktari Baruch Blumberg wa Marekani alitangaza mwaka 1965 alama ya ajabu aliyoiona katika damu ya mtu wa Australia; ikajulikana baadaye kuwa ni ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 1976 alipewa zawadi ya Nobel. Mwenye virusi hivyo, akila sumu ya ukungu, hatari yake huzidi maradufu. Chanjo ipo: katika Kongo imo ndani ya sindano za watoto za juma la 6, la 10 na la 14.

Ukungu hauna sindano. Karanga zikaushwe upesi juu ya mkeka au kichanja, si juu ya udongo mbichi, wala zisifungwe magunia zikiwa na unyevu. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Nyumba nyingine huchagua karanga nzuri za kuuza sokoni, na zile zilizokunjamana na kugeuka rangi husagwa kwa mchuzi wa nyumbani. Zikisagwa hazitambulikani tena, na watoto ndio wanaozila.