Ovari zinapotoa homoni za kiume kupita kiasi

Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo mwilini, na hilo ni la kawaida. Shida huanza ovari zinapotoa nyingi: hedhi inaruka miezi, chunusi hazikomi, nywele nene zinaota kidevuni. Mara nyingi chanzo ni hali inayoitwa PCOS. Haitokani na tabia ya msichana, wala si laana.

Amri hutoka kwenye ubongo, tena kwa vipindi, kama mapigo. Kabla yai halijatoka, mapigo huja takriban kila saa moja hadi moja na nusu. Yai likishatoka, ovari hutoa projesteroni, nayo huyapunguza kasi. Mapigo ya haraka huongeza homoni ya LH. Ya polepole huipa nafasi FSH, ile inayokuza mayai.

Kwa mwenye PCOS, mapigo hubaki ya haraka. LH inakuwa nyingi na kuisukuma ovari itengeneze homoni za kiume, huku FSH ikiwa haitoshi, hivyo vifuko vya mayai huanza kukua kisha hukwama. (Hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye ultrasaundi. Si uvimbe wa kukatwa.) Yai lisipotoka, projesteroni haipatikani, na homoni za kiume nazo huufanya ubongo usiitii vizuri hata ikiwepo. Insulini ikizidi kwenye damu huchochea ovari zaidi, na hili huwapata hata wembamba.

Kukosa hedhi kwa namna hii si mapumziko ya mwili. Bila projesteroni, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huendelea kunenepa, na miaka ikipita hatari ya saratani ya hapo huongezeka. Dawa za homoni huukinga ukuta huo. Mimba pia inaweza kuingia, kwa kuwa yai hutoka mara mojamoja bila taarifa.

Mama, binti yako akipitisha siku 90 bila hedhi, na mwaka umeshapita tangu avunje ungo, mpeleke kwa daktari. Kipimo kimoja cha LH hakitoshi, kwa sababu hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Testosteroni husaidia zaidi. Ultrasaundi nayo haitegemewi katika miaka 8 ya kwanza baada ya kuvunja ungo, maana ovari za wasichana wengi wazima huwa na vifuko vingi. Ila sauti ikiwa nzito au nywele zikiongezeka haraka ndani ya miezi michache, usisubiri.