Kuta mbili za Cutteslowe: ginsi mji wa Oxford ulibishana karibu miaka 25 juu ya njia

Mambo ya avenyu zetu yanazidi kuleta maneno. Wenye nyumba za mbele wanataka kufunga njia kwa miti na mawe, juu malori na pikipiki zinapita mbio na watoto wanacheza pale. Wale wa nyuma, na wengi wao ni sisi tuliorudi toka Nyarugusu na Lugufu tukapata parsele fasi zilizobakia, wanauliza: mkifunga, tutapita wapi kwenda sokoni? Nimesikiliza pande zote mbili, na kila mara nakumbuka historia moja ya Uingereza niliyosoma chuoni. Naileta hapa kwa sababu serikali ya mji ule ilikuwa na nia nzuri, lakini ilishindwa.

Mji wenyewe ni Oxford, ule wa chuo kikuu. Katika miaka ya 1930 halmashauri ya mji ilijenga nyumba za kupangisha watu wa kipato kidogo upande wa kaskazini, pa Cutteslowe. Kiwanja cha jirani halmashauri hiyo hiyo ilikiuzia kampuni ya Urban Housing Company, nayo ikajenga nyumba za kuuza kwa watu wenye uwezo zaidi. Njia za pande hizi mbili zilikutana. Mwenye kuongoza kampuni, Clive Saxton, aliogopa nyumba zake zitapoteza bei kama wapangaji wa halmashauri watakuwa wanapita mbele ya milango ya wanunuzi wake. Basi mwisho wa mwaka 1934 akasimamisha kuta mbili, kila njia na ukuta wake. Zilipita mita mbili kwenda juu, tena juu yake aliweka miiba ya chuma.

Miiba, kweli. Mtu anayetaka tu kupunguza kelele haweki miiba.

Kampuni ililalamika kwamba halmashauri imeleta pale watu waliohamishwa toka mitaa ya mabanda. Sisi tunaijua lugha hiyo. Ukirudi kwenu unakuta jina limekutangulia: mkimbizi, mtu wa kambi, mtu wa kuleta fujo. Na wakati watu wanabishana juu ya jina, mama wa upande wa nyuma anatembea. Kule Cutteslowe, aliyetaka kufika barabara kubwa alilazimika kuzunguka zaidi ya mita 600, na mvua ya kwao ni ya baridi.

Mwaka 1935 Abe Lazarus, mwanaharakati wa chama cha Kikomunisti, aliita watu waende kubomoa. Umati ulikuja, polisi ikawazuia, kuta zikabakia. Miaka mitatu nyuma ya hapo halmashauri yenyewe ilichoka. Mwezi wa Juni 1938 ilituma mashine nzito ya kushindilia barabara, kuta zikaanguka, na ninafikiri watu walishangilia sana. Lakini kampuni ilienda mahakamani, na mahakama ikasema halmashauri haikuwa na haki kisheria ya kubomoa. Kuta zikajengwa tena. Hapo ndipo ninawaomba msome polepole. Halmashauri iliyochaguliwa na watu, yenye pesa na mashine, ilishindwa na mtu mmoja mwenye karatasi.

Halafu vita ikaja. Kifaru cha jeshi kiligonga ukuta mmoja kikaupasua, na wanajeshi wakalipia kuujenga upya! Hata kifaru hakikuweza.

Kilichoweza ni ununuzi. Ardhi iliyokuwa chini ya kuta ilikuwa kipande chembamba sana, upana wa inchi 9, yaani kama sentimita 23. Halmashauri ilitumia nguvu ya sheria kukinunua kwa pauni 1,000, na tarehe 9 Machi 1959 kuta zikabomolewa bila mtu kuweza kushitaki. Mtoto aliyezaliwa mwaka zilipojengwa alikuwa tayari mtu mzima, labda mwenye watoto wake.

Kwetu hesabu ni nyingine kidogo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mtu binafsi anapewa konsesio, siyo udongo wenyewe. Tena ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haigawiwi kwa mtu mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kwa hiyo avenyu iliyo kwenye ramani si ya mwenye nyumba ya pembeni, hata kama ameifagia miaka kumi. Lakini vile vijia vya kupita kati ya parsele, ambavyo tulipita kwa wema wa jirani tu, hiyo ni shida nyingine. Jirani akiuza, mwenye kununua halazimiki kujua wema ule. Mimi naogopa vijia kuliko avenyu.

Na wale wa mbele wasifikiri ninawasema vibaya. Hofu ya malori ni ya kweli. Oxford yenyewe imerudi kwenye ubishi huu: mwaka 2021 pande za Cowley, na 2022 pande za East Oxford, serikali ya jimbo iliweka nguzo na vyombo vya maua katikati ya njia za makazi ili magari yasikatize. Watu wamegawanyika sana, na nguzo zingine zimeng'olewa au kuharibiwa. Lakini tofauti na ukuta wa Saxton ni kubwa: mtu wa miguu anapita, baiskeli inapita. Katika mikutano yetu tunasema "kufunga" na "kufungua" kama vile hakuna kitu katikati. Nguzo mbili za kuzuia lori, zenye fasi ya mama na mzigo wake, na mkokoteni wa maji, sijasikia mtu akizitaja.

Kabla ya mkutano ujao kamati itaenda kadasta kuuliza njia gani ziko kwenye ramani na zipi haziko. Mwenye karatasi ya parsele, hata ya zamani, hata iliyolowana, aje nayo. Mwenye kijia kinachopita kwake, tafadhali aje pia.