Historia ya Dirisha na Mkono wa Fundi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaijua sote tangu utoto, na aghalabu twaitumia katika mambo ya tabia: deni dogo lisilolipwa, uvivu mdogo usiokemewa, uongo mdogo usioonywa. Lakini maneno yake yametoka nyumbani, mahali penye ukuta na ufa wa kweli, na huko nyumbani ndiko nitakakowapeleka wasomaji wangu leo.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, bweni letu lilikuwa na dirisha la chuma lenye vioo sita. Puti iliyoshika kioo kimoja ilikuwa imekauka na kupasuka, na kioo chenyewe kilitikisika kila upepo ulipovuma. Sote tuliliona jambo hilo. Tulichofanya ni kukunja gazeti na kulipachika katika ufa ili kelele ziishe. Masika yalipofika, kioo kilianguka usiku wa manane, mvua ikamwagika juu ya meza, na daftari za mwenzetu mmoja, alizoziandika mwaka mzima kwa ajili ya mtihani, zikalowa hata wino ukatapakaa na maneno yakapotea. Hasara ile ingaliweza kuzuiwa kwa donge moja la puti na kazi ya nusu saa. Asubuhi yake fundi wa chuo alikuja kulitengeneza dirisha, nasi tukasimama kumtazama kwa aibu. Tangu siku hiyo nimeamini ya kwamba historia ya dirisha haikamiliki kwa kuwataja waliolibuni tu. Sharti itajwe pia kazi ya wale waliolitengeneza lilipoharibika.

Neno dirisha tumelipata kutoka Kiajemi, na asili yake katika lugha hiyo ni mlango mdogo. Jina hilo linafaa, kwa kuwa dirisha, kama mlango, hupitisha linalotakiwa na kuzuia lisilotakiwa. Linapaswa kupitisha mwanga na hewa, na papo hapo kuzuia mvua, vumbi, wadudu na mwivi. Ukuta una kazi moja, nayo ni kuzuia. Dirisha lina kazi mbili zinazopingana. Ndiyo sababu likawa miongoni mwa sehemu za nyumba zinazougua upesi, na kila namna ya dirisha iliyobuniwa duniani imekuja na ugonjwa wake.

Na tuanze hapa kwetu pwani. Katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ziko nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo nyingine zilijengwa katika karne ya 18. Kuta zake ni nene, takriban dhiraa moja, na upande wa njiani zina matundu machache tu. Mwanga na hewa huingia kwa kiwanda, yaani ule uwanja ulio wazi kati ya nyumba. Kwa namna hii waliomo ndani walipata ubaridi na faragha. Baadaye, katika karne ya 19, biashara na Bara Hindi iliponawiri, desturi ya madirisha makubwa na roshani zinazotazama njia ilienea Mombasa na Unguja. Madirisha hayo yalikuwa na mbawa za mbao na nondo, na mengi hayakuwa na kioo hata kimoja.

Maradhi ya dirisha la mbao yanajulikana. Mbao hunywa maji wakati wa mvua na kufura, hata ubawa ukakataa kufungika. Hewa ya chumvi hula bawaba na misumari. Mchwa huingia penye giza, na maji yakituama juu ya kizingiti cha chini, mbao huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ingali nzuri. Fundi asiye na subira huliona dirisha limekwama katika mwezi wa Mei, akachukua randa akapunguza ubao mpaka ukaingia. Kiangazi kinapofika, ubao hukauka na kusinyaa, na pale palipokazana pakawa na pengo la kupitisha kidole. Fundi mwenye busara husubiri ukame. Kama hapana budi, hupunguza kidogo tu, kisha huyapaka mafuta au rangi yale makali yaliyokwanguliwa ili yasinywe maji tena. Na kizingiti kikioza, hakitupi chote. Hukata sehemu mbovu mpaka afikie mbao nzima, akapachika kiraka cha mbao ya jinsi ileile. Kwa njia hii dirisha moja liliweza kuwahudumia baba, mwana na mjukuu.

Kioo kilitoka mbali. Warumi walikuwa na vioo vya madirisha katika karne ya kwanza, na vipande vyake vimefukuliwa katika mji wa Pompeii uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Katika Ulaya ya zama za kati, makanisa makubwa yalitumia vipande vidogo vya kioo vilivyoshikanishwa kwa kanda za risasi, na maskini waliziba matundu yao kwa mbao au kwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Hata baadaye vioo vilibaki vidogo, kwa sababu ya namna vilivyofanywa. Fundi alipuliza donge la kioo la moto, akalizungusha kwa kasi kwenye ncha ya fimbo ya chuma mpaka likatandaa kama sinia; kisha sinia hilo likakatwa vipande vya mraba. Kwa hiyo dirisha la nyumba likawa na vipande vingi kati ya vijiti vya mbao. Udogo huo ulikuwa na faida yake: jiwe lilipovunja kipande kimoja, kilibadilishwa kimoja, na vilivyosalia vikaendelea na kazi.

Lakini si mvua na mawe tu yaliyoliharibu dirisha. Serikali nazo ziliwahi kulidhuru. Mwaka 1696 Uingereza iliweka kodi ya madirisha. Kila nyumba ililipa shilingi mbili, na yenye madirisha kumi au zaidi ikaongezewa kiasi kingine. Nia ilikuwa kuwatoza matajiri, kwa kuwa ilidhaniwa mwenye madirisha mengi ndiye mwenye mali nyingi. Watu walijibu kwa matofali: waliziba madirisha yao ili hesabu ipungue, na hata leo majumba ya kale ya nchi hiyo yanaonyesha matundu yaliyozibwa. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alionyesha kasoro ya kodi hiyo: nyumba ya shamba ya kodi ndogo yaweza kuwa na madirisha mengi kuliko nyumba ya fahari ya London, hivyo mnyonge akatozwa kuliko tajiri. Tena, tangu mwaka 1746, kioo chenyewe kilitozwa ushuru kwa uzito wake. Katika nyumba zilizopangishwa kwa maskini wengi pamoja, mwenye nyumba ndiye aliyelipa, naye ndiye aliyeamua dirisha lipi lizibwe. Wapangaji wakabaki katika giza na hewa nzito, na matabibu wakalalamika kwamba giza hilo lilikuwa likiwaletea watu maradhi.

Tafakari jambo hili, msomaji. Watunga sheria hawakusema, "Maskini na wakae gizani." Walitafuta fedha tu, na giza likaja kwa mlango wa nyuma. Ushuru wa kioo uliondolewa mwaka 1845, na kodi ya madirisha mwaka 1851, baada ya miaka 155. Ufaransa, iliyoweka kodi ya milango na madirisha mwaka 1798, haikuiondoa mpaka mwaka 1926. Mwaka uleule wa 1851 jumba kubwa la maonyesho lilifunguliwa mjini London, kwa ramani ya Joseph Paxton, nalo lilikuwa na vioo karibu 300,000. Nchi iliyokuwa ikihesabu madirisha ili kuyatoza, sasa ikajivunia nyumba iliyokuwa kama dirisha tupu.

Huku kwetu, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Mzigo unaovunjika kama kioo ukaweza kusafiri bara kwa behewa badala ya kichwa cha mpagazi. Baadaye likaja dirisha la chuma. Francis Henry Crittall alikuwa ameanza kuyaunda madirisha hayo mwaka 1884 katika mji wa Braintree, Uingereza, na katika karne ya 20 yalienea sana katika shule, hospitali na nyumba za watumishi wa Kenya. Chuma hakiliwi na mchwa wala hakifuri kwa mvua. Ole wake, hakina kinga dhidi ya kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapoota ndani ya mfuo wa kioo, husukuma polepole mpaka kioo kikapasuka bila kuguswa na mtu. Wenye nyumba humlaumu mtoto na mpira wake, kumbe mkosaji ni kutu.

Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia mpya, iliyobuniwa na Alastair Pilkington, ya kumwaga kioo cha moto juu ya bati lililoyeyuka, kikaelea na kutandaa laini pande zote mbili. Kwa njia hiyo vioo vikubwa, vilivyonyooka, vikawa rahisi kupatikana. Lakini kila faida ina bei yake. Kioo kikubwa kikivunjika, hupotea chote. Na madirisha ya nchi za baridi yenye vioo viwili vilivyofungiwa hewa katikati, yakiingia unyevu ndani, kwa kawaida hayatengenezwi. Hung'olewa kioo chote kikatiwa kingine. Hivyo kadiri kioo kilivyozidi kuwa bora, ndivyo kazi ya mtengenezaji ilivyozidi kusahauliwa.

Sasa nirudi kwa yule fundi wa chuo. Kwanza alivaa glavu nzito, akaondoa vipande vya kioo kutoka juu kwenda chini ili visimwangukie. Kisha akaing'oa puti ya zamani kwa patasi, akakwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa, akakipaka rangi ya kuzuia kutu na kukiacha kikauke. "Wengi huiruka hatua hii," alisema, "na baada ya mwaka mmoja huniita tena." Alipopima, alikata kioo kikawa kidogo kuliko nafasi kwa milimita tatu hivi, kwa kuwa chuma hutanuka juani na kioo kilichobanwa hupasuka. Alitandaza puti kwenye mfuo, akakandamiza kioo kwa kushika kingo zake wala si katikati, akakifunga kwa vibanio vidogo. Mwisho alijaza puti upande wa nje, akailaza kwa kisu iwe na mteremko wa kumwaga maji. Puti ni chaki iliyosagwa na mafuta ya mbegu za kitani. Hukauka polepole, basi alirudi baada ya majuma mawili kuipaka rangi, akiivusha rangi hiyo kidogo juu ya kioo ili maji yasipate pa kupenya.

Tulimwuliza kama dirisha litadumu. Alijibu kwamba litadumu kwa muda tutakaolitazama. Jibu hilo lilikuwa fupi, lakini nimelikuta tena na tena katika historia niliyowasimulia. Lamu ina madirisha ya kale kwa sababu palikuwa na watu, kizazi baada ya kizazi, waliokata kipande kibovu na kupachika kizima. Wapangaji wa London walipata mwanga kwa sababu wako waliolalamika mpaka sheria mbovu ikafutwa, na kuifuta sheria mbovu nako ni kutengeneza.

Enyi wanafunzi, kabla ya masika yajayo yatazameni madirisha ya darasa lenu na ya nyumba za wazazi wenu. Ibonyezeni puti kwa kidole mwone kama ni nzima, mkague kizingiti kama kinatuamisha maji, na mtie mafuta tone moja katika bawaba inayolia. Penye kazi inayowashinda, mwiteni fundi mapema, mkasimame karibu naye na kujifunza. Mwenzetu yule wa bwenini tulimsaidia kunakili daftari zake upya, ikatuchukua majuma matatu. Kazi ya nusu saa tuliyoikwepa ilitulipisha majuma matatu, na baadhi ya kurasa hazikupatikana tena.