Mji wa Sázava na Misa ya Kislavoni

Katika nchi ya Ucheki, upande wa kusini-mashariki ya Praha, kuna mji mdogo uitwao Sázava, kwa jina la mto upitao hapo. Wenyeji wake hawafiki 5,000. Nimeuchagua mji huo kwa ajili ya habari moja iwapasayo hasa waalimu wa dini.

Yapata mwaka 1032 mkaa-pweke mmoja, jina lake Prokopio, alianzisha monasteri hapo kwa msaada wa mtawala Oldřich. Watu husimulia ya kuwa alimfunga Shetani kwenye plau akalima naye, na mfuo wake huonyeshwa hata leo. Lakini jambo kubwa si hilo. Watawa wake walishika kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kama wale waliofika Peramiho mwaka 1898, bali ibada waliifanya kwa Kislavoni, wakiwafuata Watakatifu Kirilo na Metodio waliofika Moravia mwaka 863. Hivyo watu wa nchi walisikia maneno ya sala kwa lugha iliyo jamaa ya lugha yao.

Prokopio alikufa mwaka 1053. Haukupita muda mrefu watawa wakafukuzwa, wakakimbilia Hungaria. Mtawala Vratislav akawarudisha, tena akamwomba Papa Gregori VII ruhusa ya ibada hiyo. Mwaka 1080 akajibiwa kwamba haiwezekani. Hata karibu na mwaka 1097 wakatolewa kabisa, wakaja watawa wa Kilatini kutoka Břevnov. Abate wao Diethard, kama ilivyoandikwa katika tarehe ya monasteri, hakukuta vitabu ila vya Kislavoni, ikambidi kutafuta vingine vya Kilatini. Vile vya kwanza vikapotea karibu vyote. Nami navisikitikia kuliko kuta zozote zilizobomoka.

Prokopio mwenyewe alitangazwa Mtakatifu mwaka 1204. Kanisa kubwa lililoanzwa katika karne ya 14 halikumalizika kwa sababu ya vita vya Wahusi. Nguzo zake zasimama bila paa. Mwaka 1785 Kaisari Yosefu II akaifunga monasteri.

Siku hizi mji wajulikana kwa kioo kisichopasuka motoni, kazi iliyoanzwa na František Kavalír mwaka 1837. Wakati wa joto vijana hushuka mtoni kwa mitumbwi. Na tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuruhusu lugha za watu, mwaka 1963, Wakatoliki wa Ucheki husali Misa kwa Kicheki, kama sisi kwa Kiswahili. Sikukuu ya Prokopio huko ni tarehe 4 Julai.