Dola Tano na Mabaki ya Vitambaa

Siku hizi jioni zangu zinaishia kwenye viraka. Fundi cherehani wa mtaani kwetu ananiwekea mabaki ya vitenge kwenye mfuko, nami nayaunga moja moja mpaka yafike upana wa blanketi. Kabla ya hapo nilijifunza rangi za maji, nikaona tabu. Rangi ya maji ikishakukimbia kwenye karatasi, basi, imekukimbia. Kiraka ukikikosea unafumua, unaanza upya.

Katika kusoma habari za wenzangu wa viraka ndipo nikakutana na Harriet Powers, na tangu hapo mama huyu hajanitoka akilini.

Alizaliwa utumwani mwaka 1837, karibu na Athens, jimbo la Georgia, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na utumwa ukafutwa, yeye na mumewe, Armstead, walijitahidi mpaka wakapata shamba dogo lao wenyewe. Mwaka 1886 blanketi lake lilitundikwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens. Sasa, usifikirie blanketi la miraba ya kawaida kama langu. Harriet alikata watu, wanyama, nyota na jua kutoka kwenye vitambaa, akavishonea juu ya kitambaa kingine, kwa mkono na kwa cherehani. Kuna vyumba 11, na kila chumba ni kisa cha Biblia. Adamu na Hawa wako bustanini na nyoka wao, Kaini anamuua Abeli, Yakobo anaota ngazi. Yuda naye yumo, na vile vipande 30 vya fedha.

Mwalimu mmoja wa sanaa wa hapo Athens, mwanamke Mzungu aitwaye Jennie Smith, aliliona likining'inia akapagawa. Akamtafuta aliyelishona hadi akampata, akaomba kulinunua. Harriet akakataa. Haliuzwi, kwa bei yoyote.

Miaka michache ikapita, hali ikawa ngumu shambani. Harriet akatuma salamu kwamba sasa yuko tayari, lakini safari hii Smith ndiye hakuwa na fedha. Baadaye Smith alipopata kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, akampelekea ujumbe. Harriet akafika mlangoni kwake kwa mkokoteni wa ng'ombe, blanketi likiwa mapajani, limefungwa kwenye mfuko safi wa unga, na mfuko huo ndani ya gunia. Alitaka dola 10. Smith akasema anazo 5 tu. Harriet akatoka nje kushauriana na mumewe, akarudi: basi, kwa ugumu wa maisha, bora auze.

Hapa mimi husimama kidogo. Najua mabaki yangu ni ya bure, lakini blanketi la mwisho lilinichukua miezi, na dada yangu alipoliomba "kwa muda tu" nilijifanya sijasikia. Harriet alikuwa akiuza kitu ambacho hakuwa na kingine mfano wake. Kabla ya kuondoka alikaa akamweleza Smith maana ya kila chumba, na Smith akayaandika. Kisha akawa anarudi, si mara moja, kuja kulitazama tu. Smith mwenyewe ameandika kwamba kilichompoza kidogo ni pale alipomwahidi kumwekea mabaki yake yote ya vitambaa.

Mabaki! Kwa mtu mwingine hiyo ni takataka ya kufagiwa. Kwa mshonaji ni ahadi ya blanketi lingine.

Nikiri kwamba Smith simchukii. Bila yeye pengine tusingekuwa na blanketi wala maelezo yake. Ila tusisahau kwamba kwa miaka mingi Harriet tulimsikia kupitia kalamu ya aliyemnunulia, na wengi wakaandika eti hakujua kusoma, Biblia aliipata kwa kusikiliza mahubiri tu. Mtafiti Kyra Hicks ndiye aliyeibua barua ya mwaka 1896 ambamo Harriet anajieleza mwenyewe. Kusoma alijua. Na anazitaja kazi zake: mablanketi manne.

La pili tulijualo alilishona baada ya lile kwenda. Lina vyumba 15, na safari hii Harriet hakubaki ndani ya Biblia. Ameweka usiku wa Novemba 1833, vimondo vilipomwagika angani mpaka watu wakadhani kiama kimefika. Harriet alikuwa hajazaliwa bado. Kisa hicho alikipokea kwa waliokiona, akakikata kwa mkasi, nyota juu na watu chini wamepigwa na bumbuwazi. Kuna pia baridi kali ya 1895, ambayo aliishi mwenyewe.

Harriet alifariki mwaka 1910. Blanketi la dola 5 sasa liko Washington, katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian; la pili liko Museum of Fine Arts, Boston. Rangi zimepauka, ule wekundu kama wa tikitimaji umegeuka kahawia. Yaliwekwa pamoja katika maonyesho kwa mara ya kwanza mwaka 2021, huko Boston. Mengine mawili hayajaonekana.