Tangi la baba, udongo wa mwana

Tangi langu la kwanza liliua kamba wadogo kumi na wawili kwa siku tatu. Ijumaa nilijaza maji na kupanda majani, Jumamosi nikatia kamba wekundu, kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa mpaka leo. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Jumanne hakubaki hata mmoja.

Kumbe kosa langu ni la zamani. Mwaka 1849 Robert Warington, mkemia wa chama cha wauza dawa cha London, alichukua chombo cha galoni 12, akaweka mchanga na mawe, akapanda Vallisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, kisha akatia samaki wa dhahabu wawili. Hesabu yake ilikuwa nzuri: samaki anatoa hewa ya ukaa, mmea unairudisha ikiwa oksijeni. Lakini majani makuukuu yakaanza kuoza, ute ukatanda, maji yakachafuka. Akatia konokono wa bwawani. Wakala uozo, maji yakatakata, na mwaka 1850 akatangaza matokeo yake.

Waingereza walilipokea jambo hili kwa pupa. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa 1845, bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki 1853, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse, The Aquarium, kikaingia sebuleni.

Tatizo ni kwamba hesabu ilikuwa na pengo. Konokono anakula uozo, sawa, lakini naye ananya. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu hata kama maji yanang'aa. Nani anaiondoa? Mimea huchukua kiasi. Nyingine hubadilishwa na bakteria wanaokaa kwenye mchanga, mawe na majani: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na makali hayo. Warington alikuwa na wafanyakazi hawa ndani ya chombo bila kuwajua. Alifariki 1867.

Aliyewakaribia ni mwanawe, naye Robert Warington, mkemia wa kilimo huko Rothamsted. Hakuchunguza tangi, alichunguza udongo wa mashamba. Alionyesha kwamba kazi ile ina hatua mbili na viumbe wawili tofauti, lakini kila alipojaribu kuwaotesha kwenye jelatini waligoma. Sergei Winogradsky, akiwa Zürich, ndiye aliyefanikiwa kuwatenga, karibu mwaka 1890. Mimi hapo humwonea huruma mwana kuliko baba. Alikuwa mlangoni kabisa, bwana.

Tangi langu la pili nililianza bila kiumbe. Maji ya bomba niliyalaza kwanza kwenye ndoo ili klorini iondoke. Nikapanda majani, nikatupia chembe za chakula cha samaki zioze, nikawa napima. Amonia ikapanda, ikashuka; nitriti ikapanda, ikakaa huko juu mpaka nikaanza kuichukia. Wiki ya sita vyote vikasoma sifuri. Kamba niliwachelewesha tena wiki mbili, kwa sababu wanalishwa na ule utando mwembamba unaoota juu ya mawe na majani.

Konokono sikununua. Walikuja wenyewe, mayai yao yakiwa yamebandikwa chini ya jani.