Mawe ya Redio na Ada ya Mwezi

Tarehe 28 Oktoba 1998, roketi ya Ariane ilipaa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba AfriStar, setilaiti iliyoundwa kurusha redio kutoka angani hadi kwa msikilizaji wa Afrika bila kupitia mnara wowote. Mwenye wazo alikuwa Noah Samara, mwanasheria mzaliwa wa Ethiopia aliyeanzisha kampuni ya WorldSpace mwaka 1990. Ukisoma ahadi za kampuni hiyo, utadhani zilimlenga mtu wa Funzi, kisiwa cha wavuvi kwenye mlango wa mto Ramisi, kusini ya Msambweni katika pwani ya Kenya, ambako mtu huvuka kwa mashua kutoka Bodo. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2008, WorldSpace ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Waliokuwa wakilipa ada dunia nzima walikuwa kama 170,000, na 96 katika kila 100 walikuwa India. Nadhani mtu wa Funzi ambaye hakulipa alipiga hesabu sawasawa, na hesabu yenyewe ilianza zamani, kabla setilaiti haijafikiriwa.

Katika mwambao huu redio haikuwahi kuwa ya bure. Serikali ya kikoloni ilidai leseni ya kusikilizia, lakini ada iliyouma zaidi ilikuwa ya mawe, yaani betri. Huko Rhodesia Kaskazini, redio ndogo ya bei nafuu iliyotolewa mwaka 1949 iliuzwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5 ikadumu saa 300 hivi. Ukibadilisha betri mara nne umeshanunua redio ya pili. Transista zilipoingia uzito ulipungua, hesabu ikabaki ileile. Ndiyo maana mawe yaliyochoka yalianikwa juani yapate uhai wa jioni moja zaidi, na redio ikafunguliwa saa ya taarifa ya habari, ikafungwa. Aliyenunua mawe alisikilizisha baraza nzima. Sauti zenyewe zilikuja bila kudaiwa kitu. Mombasa ilikuwa na Sauti ya Mvita katika miaka ya 1950, Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, na hao walitaka kusikilizwa kuliko msikilizaji alivyotaka kuwasikiliza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na siasa yake ya kuuza. Juu ya hayo ilikuwapo redio ya Unguja. Wavuvi wa Pemba huja dago upande huu kwa msimu, na watu wa Funzi, Wasini na Vanga wana ndugu ng'ambo ya mpaka. Tangazo la kifo lililosomwa kwenye redio lilikuwa na thamani kushinda muziki wote wa dunia, kwa sababu lilimwambia mtu apande chombo leo au asipande.

Setilaiti ilileta nini juu ya hayo? Redio zake za kwanza zilitengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, na bei ilizidi dola 200. Sauti ilikuwa safi, hilo halina ubishi. Aliyezoea mkwaruzo wa masafa mafupi angeshangaa. Lakini antena yake, kibao kidogo bapa, ilitaka kuiona mbingu. AfriStar ilikaa juu ya mstari wa nyuzi 21 mashariki, kwa hiyo aliyeko Funzi angekielekeza kibao magharibi, upande wa bara, kikitazama juu sana, kisha asikiguse. Chini ya mabati mawimbi hayo hayapiti. Ndani ya ngalawa inayoyumba kwa kusi, antena ya kuelekezwa hivyo haina kazi, na baharini ndiko redio ya mbali ingefaa zaidi. Kisha saa yenyewe ilikuwa mbaya. Kenya ilikuwa imeanza kufungua mawimbi ya FM miaka michache kabla ya roketi ile kuruka, na punde si punde Pwani ikawa na vituo vyake: Pwani FM ya KBC, Baraka na Rahma za Mombasa, baadaye Radio Kaya ya Kwale. BBC nayo ilisikika Mombasa kwa FM. Huduma iliyokuwa imeanza ikitegemea matangazo ya biashara iligeukia ada wakati ambapo jirani anatoa bure, tena kwa lugha ya nyumbani.

Atakuja mtu aseme watu wa Pwani hulipa wakitaka. Kweli. Vibanda vya mpira hujaa, king'amuzi hulipiwa, na vijana hununua bando za simu kila siku. Hoja hii ina nguvu, lakini itazame kwa karibu. Kiingilio cha kibandani hulipwa siku ya mechi. Bando hununuliwa ndogo, ya leo, na aliye na pesa leo. Kipato cha mvuvi hufuata bamvua na maji mafu, na kusi likikaza kuna siku chombo hakitoki kabisa. Ada isiyojua mwezi mwandamo huangukia siku ambazo mfuko ni mtupu. Pia simu ileile hubeba pesa, salamu na bei ya samaki, ilhali redio ya setilaiti ilimletea msikilizaji sauti tu. Wengine watalaumu njia ya kulipia: M-Pesa ilianza Machi 2007, kampuni ikiwa imebakiza mwaka mmoja na nusu. Sikatai kwamba kuvuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa kulipia redio ni upuuzi. Ila M-Pesa ingeondoa safari tu. FM ya bure ingebaki palepale.

Marekani je? Sirius na XM ziliungana mwaka huohuo wa 2008, na leo Sirius XM ina wateja zaidi ya milioni 30. Lakini kule redio huuzwa pamoja na gari, kwa mtu anayeendesha peke yake kupita majimbo ambako kituo cha FM hupotea njiani. Kutoka Likoni hadi Lungalunga matatu ina FM na flashi ya dereva, na abiria hawachagui.

Na bado nisingesema AfriStar ilikuwa hasara tupu. Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE) iliitumia kurushia shule za msingi vipindi vya masomo. Mradi wa RANET uliutumia mtambo huohuo kupeleka utabiri wa hali ya hewa kwenye ofisi za mashambani barani Afrika, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikajenga vituo vidogo vya FM chini ya jina hilo, kimoja kikiwa Kwale. Hapo ndipo ada ingepata mlipaji wa haki: ofisi moja ingenunua njia ya angani, mtangazaji angesoma utabiri wa upepo na mawimbi ya kesho kwa Kiswahili, na mvuvi wa Funzi angeupata kwenye redio aliyonayo, kwa gharama ya mawe mawili.